Amri ya Sita Peke Yake Haikutosha: Ukimwi, Wanawake na Kanisa Letu Kagera

Kila aliyepitia darasa la kipaimara katika kanisa letu anazijua Amri Kumi kwa namba zake. Mwulize mzee wa kanisa amri ya nne, atakutajia kabla hujamaliza swali. Mwulize Ukimwi unaangukia amri ya ngapi, naye atajibu upesi vilevile: ya sita, usizini. Ndivyo tulivyofundishwa tukiwa vijana, na ndivyo nasi tulivyofundisha tulipobarikiwa kuwa wachungaji.

Hatusemi kwamba fundisho hilo lilikuwa kosa. Kujitunza kabla ya ndoa na uaminifu ndani ya ndoa ni mapenzi ya Mungu, na vimewalinda wengi. Lakini tukiitazama historia ya ugonjwa huu, hasa jinsi ulivyowapata wanawake na wasichana, tunaona kwamba amri ya sita tuliiacha ifanye kazi peke yake. Tulimwambia mwanamke akatae, wala hatukuuliza kama ana mahali pa kusimama anapokataa. Amri ya nane, ya saba na ya tano zilikuwa na neno la kusema, nasi hatukuzipa nafasi. Makala haya yanarudi Kagera, mahali Ukimwi ulipotambuliwa kwanza katika nchi yetu, ili tuzisikie amri hizo tatu pale zilipokuwa zikitungoja.

Ugonjwa wenye jina la mwanamke

Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Wilaya ya Muleba. Ndolage ni hospitali ya kanisa letu, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Kwa hiyo sisi Walutheri hatukusikia habari za ugonjwa huu kutoka mbali. Ulilala katika vitanda vyetu kwanza.

Mkoa wenyewe ulikuwa bado haujapona majeraha ya vita. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwaka 1978, na baada ya vita kwisha mwaka 1979 bidhaa zilikuwa adimu kila mahali. Sabuni, sukari na nguo zilipita kwa magendo mpakani na katika Ziwa Victoria. Miongoni mwa nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka upande wa Uganda zilikuwa zile za mtindo zilizoitwa Juliana. Watu walipoanza kukonda na kufa kwa ugonjwa usiojulikana, ugonjwa nao ukaitwa Juliana. Ng'ambo ya mpaka, katika Wilaya ya Rakai, wako waliosema kwamba Watanzania waliodhulumiwa katika magendo ndio waliowaroga. Kila upande uliushuku mwingine.

Tulitafakari jina hilo kidogo. Juliana ni jina la ubatizo, nalo ni jina la mwanamke. Waliouza nguo na kuvuka mpaka kwa biashara walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa, lakini kilichobaki midomoni mwa watu ni jina la kike. Hatudai kwamba jina ndilo lililoleta lawama. Lawama zilikuwa zimetangulia. Tangu wakati wa ukoloni wako wanawake wa Buhaya waliotoka katika ndoa zao wakaenda kutafuta maisha mijini, hadi Nairobi, na wengine wao waliishi kwa kuuza miili yao. Sifa ya hao wachache ikabandikwa juu ya mabinti wote wa mkoa. Ukimwi ulipofika, ulikuta mshtakiwa amekwisha kuandaliwa.

Kanisani nako hali haikuwa tofauti sana. Uamsho ulioingia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930 ulitupa zawadi kubwa: desturi ya kukiri dhambi waziwazi mbele ya ndugu na kutembea katika nuru. Lakini zawadi hiyo ilipokutana na ugonjwa unaopita kwa njia ya tendo la ndoa, mgonjwa alionekana kama mtu mwenye dhambi aliyoificha. Badala ya kumuuliza anaumwa wapi, tulimuuliza anatubu nini.

Miaka ilipoendelea na vipimo vikafika katika kliniki za wajawazito, kukatokea jambo jingine ambalo hatukulitazamia. Mama mjamzito alipimwa, mume wake hakupimwa. Akarudi nyumbani na jibu mkononi, na aliyepimwa wa kwanza akahesabiwa kuwa ndiye aliyeleta. Wapo wanawake waliofukuzwa na waume ambao hawajawahi kutoa hata tone la damu kwa ajili ya kipimo. Tunakumbuka habari ya Yohana sura ya 8: mwanamke aliletwa mbele ya Bwana Yesu akiwa peke yake, ingawa kosa aliloshtakiwa haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Walioshika mawe hawakuulizana yule mwingine yuko wapi.

Hapa amri ya nane ilikuwa na neno. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia kukataza uongo mahakamani. Alifundisha kwamba anayemcha Mungu humtetea jirani yake, humnenea mema, na hulitafsiri jambo lake kwa upande ulio mwema. Mjane aliyenyoshewa kidole msibani alikuwa jirani yetu. Ni wangapi kati yetu tulisimama kumtetea?

Kibanja

Mwaka 1987 watafiti walipima damu za watu wazima katika mji wa Bukoba wakakuta asilimia 24.2 wana virusi. Ni karibu mmoja katika kila wanne. Dawa ya kufubaza virusi haikuwapo. Kwa hiyo yaliyofuata tunayakumbuka sisi tuliokuwa watoto wakati ule: misiba iliyofuatana, seremala aliyeacha kutengeneza viti akabaki na majeneza, nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu.

Kila mume alipozikwa, kikao cha ukoo kilikaa, na swali halikuwa tu nani atawalea watoto. Swali lilikuwa pia kibanja ni cha nani. Katika Buhaya kibanja cha migomba na kahawa ndiyo nyumba, ndilo ghala, na ndiyo makaburi ya wazee. Kwa mila zilizoandikwa katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, binti alirithi katika daraja la mwisho, tena shamba la ukoo angelitumia tu bila ruhusa ya kuliuza. Mjane hakuwa na fungu lake mwenyewe. Alikaa kwa kivuli cha watoto wake. Mila hizo zilitungwa katika dunia ambamo ukoo ulimlea mjane kweli. Ukimwi ulipowaua kaka wawili au watatu wa nyumba moja, ukoo wenyewe ulikuwa umeelemewa, na mara nyingi wajibu wa kumlea ulisahauliwa huku haki ya kuchukua shamba ikikumbukwa.

Katika miaka hiyohiyo, mwanamke mmoja wa Kagera, Holaria binti Pastory, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza aliliuza, na ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akamshtaki ili mauzo yatenguliwe. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza. Mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba Katiba ya nchi haikubali mwanamke anyimwe haki ambayo mwanaume anayo juu ya shamba la ukoo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zikakataza mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Lakini hukumu ya mjini huchelewa kufika kijijini. Hata mwaka 2015, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilipopelekewa malalamiko ya wajane wawili wa Tanzania waliokosa urithi kwa mila zilezile, iliona kwamba haki zao zilivunjwa.

Tunapoandika haya hatujitoi. Mwanzoni mwa utumishi wetu, katika usharika mmoja wa vijijini, alikuja ofisini mama mjane pamoja na binti yake wa darasa la sita. Shemeji zake walikuwa wamempa mwezi mmoja ahame. Kabla hajamaliza kueleza, mzee mmoja wa kanisa alimuuliza, "Mama, mumeo alifariki kwa ugonjwa gani?" Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba Mchungaji, sikuja kwa habari ya ugonjwa. Nimekuja kwa ajili ya shamba."

Tuliomba naye. Tuliandika barua kwa ukoo kuwasihi waishi kwa amani. Tukafunga faili. Kufika Krismasi kibanja kilikuwa na mwenyewe mwingine, mama amekwenda mjini kwa jamaa, na binti amechukuliwa kufanya kazi za ndani katika nyumba ya watu.

Hatukumwibia mtu shamba. Lakini Luther anapofundisha amri ya saba hasemi tu tusichukue mali ya jirani. Anasema tumsaidie kuitunza. Barua ya kusihi amani, bila kwenda naye kwa mtendaji wa kijiji au kwenye baraza la kata, haikumsaidia kutunza chochote.

Mwili wa msichana

Turudi kwa yule binti. Kama wengine wa umri wake, alikuwa amekwisha kuimba nyimbo za kujikinga na Ukimwi shuleni na kuzisikia mahubiri zetu. Hakukosa fundisho. Alichokosa ni nyumba ya mama yake, nafasi yake darasani, na mlango wa chumba chenye kitasa. Msichana anayelala jikoni kwa watu, anayekula kwa hisani yao, anapoombwa jambo ovu na mwenye nyumba, anajua vizuri kabisa amri ya sita inasema nini. Swali ni atakwenda wapi usiku huo akiitii. Sisi hatukumfuatilia, na hilo tunalikiri mbele za Mungu na mbele yenu wasomaji.

Wako wengi kama yeye. Wazazi walipougua, mara nyingi ni binti aliyetolewa shule ili auguze. Wazazi walipofariki, ni binti mkubwa aliyebaki na wadogo zake, na mwanaume aliyeleta sukari na mafuta ya taa hakukosekana. Wengine waliozwa mapema ili mahari isaidie nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, wakati mvulana alitakiwa kufikisha 18. Wakili Rebeca Gyumi alipinga vifungu hivyo mahakamani, na Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016. Rufaa ya serikali ikakataliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2019.

Tena yako mambo ya maumbile. Katika tendo la ndoa bila kinga, mwanamke huambukizwa kwa urahisi kuliko mwanaume, na mwili wa msichana ambao haujakomaa, au uliolazimishwa, huumia na kupokea virusi kwa urahisi zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–17 ulikuta kwamba kati ya vijana wa miaka 15 hadi 24, wasichana wenye VVU walikuwa asilimia 2.1 na wavulana asilimia 0.6. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara tatu. Wavulana wa rika hilo hawawezi kuwa ndio waliowaambukiza wasichana wote hao. Wapo wanaume wakubwa katika hesabu hiyo, na wengine wao huketi katika viti vya kanisa letu.

Katika 2 Samweli sura ya 13, Tamari anaomba kwa maneno ya hekima asitendewe ubaya na ndugu yake Amnoni, wala hasikilizwi. Baadaye Absalomu anamwambia anyamaze, na baba yao mfalme anakasirika lakini hafanyi neno. Tamari alikuwa na elimu yote iliyohitajika, na alisema yaliyo kweli. Nyumba nzima ndiyo iliyomshinda.

Hili ni jambo la amri ya tano. Tulizoea kuisoma kama amri ya wauaji, nasi tukajiona tu salama. Katekisimo inasema tusimdhuru jirani katika mwili wake, bali tumsaidie katika kila hitaji la mwili. Nyumba inayonyamaza msichana anapodhuriwa imeivunja amri hiyo.

Waliosimama

Tungekosea tukiacha historia hii hapo, kwa kuwa Mungu hakukosa mashahidi. Mwaka 1987 huko Uganda, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mume wake kwa Ukimwi, alianzisha na wenzake shirika la TASO, ambamo wagonjwa walikutana na kutiana moyo wakati wengine waliogopa hata kuwagusa. Mwaka 1989 hapa kwetu Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, alianzisha WAMATA, walio katika mapambano na Ukimwi Tanzania. Tuone kwamba wote wawili ni wanawake. Wale waliobebeshwa lawama ndio waliotangulia kubeba wagonjwa.

Dayosisi yetu ya Kaskazini Magharibi nayo ilianzisha HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto, kwa ajili ya yatima na nyumba zao. Huko Nshamba, Muleba, kulikuwa na kazi ya Humuliza, neno la Kihaya la kufariji, iliyowasaidia watoto waliofiwa kuomboleza, kusema yaliyo moyoni na kusimama pamoja. Na katika kila usharika walikuwapo akina mama wa Umoja wa Wanawake waliokwenda na ndoo ya maji na sabuni kumwosha mgonjwa ambaye ndugu zake walimkimbia. Majina yao hayakuandikwa popote. Walikuwa wakiitimiza amri ya tano bila kuitaja.

Bukoba mjini, kutoka ile asilimia 24.2 ya mwaka 1987, watafiti walikuta 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Haya yalitokea kabla ya dawa kufika. Sehemu ya upungufu huo ni vifo, wala hatutaki kuusahau ukweli huo wenye uchungu. Lakini watu pia walibadilika, kwa sababu walikuwa wamezika. Serikali ilianza kutoa dawa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, na Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipimwa hadharani jijini Dar es Salaam. Mume na mke walipimwa pamoja, siku moja. Hilo lilikuwa somo kwa kila nyumba.

Leo mtu anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mama mwenye virusi anayetumia dawa ana tumaini kubwa la kumzaa na kumnyonyesha mtoto asiye na maambukizi. Haya tuyatangaze kanisani kwa sauti ileile tuliyotumia kutangaza hatari.

Hata hivyo, yako mambo hayajafungwa. Mwaka 2003–04, kati ya watu wa miaka 15 hadi 49, wanawake wenye VVU nchini walikuwa asilimia 7.7 na wanaume 6.3. Mwaka 2016–17 walikuwa 6.2 na 3.1. Ugonjwa umepungua, lakini mzigo umezidi kuegemea upande mmoja. Ni kweli wanawake wengi hupima na kushika dawa, hivyo huishi muda mrefu, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini halielezi yote, hasa tukikumbuka wasichana.

Kazi iliyo mbele yetu

Tukirudi kwenye Katekisimo, kazi yetu si ngumu kuielewa. Kwa ajili ya amri ya nane, mzee wa kanisa asimuulize mjane mumewe alikufa kwa nini, na mchungaji anayeandaa vijana kwa ndoa awatume wote wawili wakapime, mwanaume akitangulia. Kwa ajili ya amri ya saba, baraza la wazee liwe na mtu mmoja anayejua njia ya kwenda kwenye baraza la ardhi na kwa msaidizi wa sheria, na mchungaji awafundishe wanaume kuandika wosia wakiwa wazima. Kwa ajili ya amri ya tano, jumuiya ijue kila msichana wa mtaa anaishi kwa nani na kama anasoma. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu aliyeacha shule kwa ujauzito kurudi masomoni. Basi kanisa lisiwe la mwisho kumfungulia mlango. Mwanaume aliyemdhuru aripotiwe polisi, hata kama ndiye anayeongoza kwaya.

Na amri ya sita tuendelee kuifundisha, tena kwa wavulana kwanza.

Sisi Walutheri tunaamini kwamba Mungu humsamehe mwenye dhambi kwa neema, bila matendo. Kwa hiyo tunaweza kuitazama historia hii bila kujificha. Msamaha haumrudishii yule mama kibanja chake, wala haumrudishi binti yake darasa la sita. Unatupa sisi ujasiri wa kufungua tena faili tulilolifunga, na kwenda na mjane atakayekuja kesho mpaka mahali shauri lake litakaposikilizwa.